Mita ya Kumi na Nne

Mchungaji akisema anataka kuandika juu ya majitaka, watu hutazamana. Rafiki mmoja niliyemweleza habari ya insha hii aliniuliza kama sina jambo la kiroho zaidi. Nilimjibu kwamba Biblia yenyewe haina aibu hiyo. Torati iliwaagiza Waisraeli wawe na kijiti cha kuchimbia nje ya kambi, wafukie kilichotoka mwilini, kwa sababu Bwana alitembea katikati ya kambi yao. Bwana wetu Yesu, alipofundisha kwamba chakula hakimtii mtu unajisi, alikifuata chakula hicho kwa maneno mpaka chooni. Na Martin Luther, alipokuwa amefichwa katika ngome ya Wartburg mwaka 1521, aliwaandikia rafiki zake waziwazi jinsi alivyoteswa na kufunga choo. Sisi Walutheri tuna urithi katika jambo hili, ila hatuusomi madhabahuni.

Mji wa Morogoro umekaa miguuni pa milima ya Uluguru, na wenyeji wake hujivunia maji. Mto Morogoro unashuka toka mlimani na kupita katikati yetu. Mto Ngerengere umezuiwa pale Mindu likapatikana bwawa linalotupatia maji ya bomba. Maji yanakotoka tunakujua. Yanakokwenda yakishatumika ni habari nyingine. Mtandao wa mabomba ya majitaka unafika sehemu ndogo tu ya mji na kuishia kwenye mabwawa ya Mafisa. Sisi wengine tunategemea vyoo vya shimo na makaro, na kila mtu huamini karo lake ni zima kwa kuwa hajaliona likivuja. Ngerengere ukishaupita mji unakwenda kuingia mto Ruvu, na Ruvu ndio unaoinywesha Dar es Salaam. Kwa hiyo tunaposema maji machafu yameondoka, yameondoka kwetu tu.

Habari ninayotaka kusimulia ilitokea katika usharika mmoja niliotumika, ulioko kwenye mteremko wa mlima. Wazee wameniruhusu niieleze, mradi nisiutaje.

Usharika ule una hosteli ya wasichana wa sekondari. Nilipohamishiwa pale nilikuta vita. Chemba ya kwanza nyuma ya vyoo ilikuwa imeziba na kufurika mara tatu katika muhula mmoja, na karibu kila mara ilifurika Jumapili asubuhi, watu wakiwa kanisani, kwa kuwa Jumamosi ndiyo siku ya kufua. Fundi wa mtaani alikuja na fito ya mianzi na waya, akazibua, akalipwa, akaondoka. Baada ya wiki tatu aliitwa tena. Safari moja waya wake ulitoka na taulo la kike. Basi kesi ikawa imekwisha. Kamati iliamua kwamba wasichana ndio wanaoziba bomba, ikawatoza kila mmoja faini ya shilingi elfu tano, na wawili wa kidato cha pili walioshukiwa zaidi wakapewa ndoo na jembe wasafishe chemba mbele ya wenzao. Mmoja wao aliomba wazazi wamchukue. Mwingine alibaki, akaacha kula na wenzake.

Wasichana hawa waliniita mama mchungaji. Kwa desturi jina hilo ni la mke wa mchungaji, na mimi ndiye mchungaji mwenyewe, lakini nimelizoea na sasa nalipenda. Niliwauliza jioni moja baada ya sala kama ni kweli wanatupa vitu chooni. Kimya. Mkubwa wao akasema, “Mama mchungaji, tukisema hapana hatutaaminiwa, na tukisema ndiyo tutalipa tena.” Nilikwenda kuangalia vyoo. Vyumba sita, na hakikuwepo hata kindoo kimoja chenye mfuniko cha kutupia kitu.

Kijana mmoja wa usharika, aliyesoma ufundi bomba VETA na baadaye kufanya kazi Dar es Salaam, ndiye aliyenieleza kwamba siku hizi si lazima kukisia. Ipo kamera inayoingia ndani ya bomba. Wazee walisitasita kwa sababu ya gharama, ambayo ilikuwa sawa na kuita gari la kunyonya majitaka mara mbili. Umoja wa wanawake ndio uliolimaliza: walileta ndizi na mihogo na maboga toka mashambani kwao huko juu, tukafanya mnada baada ya ibada ya pili, na mkungu mmoja wa ndizi ulinunuliwa na kurudishwa mnadani mara nne.

Fundi alifika siku ya Jumanne na boksi kama sanduku la safari. Ndani yake mlikuwa na skrini, na pembeni gurudumu lililozungushiwa kebo ngumu, ngumu kiasi cha kusukumika bila kujikunja, lakini inayoweza kupita kwenye kona. Kichwani mwa kebo kulikuwa na kamera isiyozidi ukubwa wa limau, imefunikwa kioo kigumu, imezungukwa na taa ndogondogo. Alitueleza kwamba katika miji mikubwa ya Ulaya na Marekani, mabomba ya mtaani yaliyo mapana hukaguliwa na kigari chenye magurudumu kinachobeba kamera ya kugeuka huku na huku, na mkaguzi huandika kila kasoro kwa alama maalumu na umbali wake: ufa, tundu, mzizi, kiungo kilichoachana. Kwa bomba la inchi nne kama letu inatosha kusukuma kwa mkono.

Kwanza hakuitumbukiza. Alisafisha bomba kwa maji ya kasi, maana kamera ikiingia kwenye uchafu inapakwa, haioni kitu. Halafu akachukua tochi na kioo cha kunyolea ndevu, akamweka mwenzake kwenye chemba ya pili na tochi, yeye akainama kwenye ya kwanza na kioo. Hii ndiyo njia ya zamani. Bomba likiwa limenyooka, unaona duara zima la mwanga kama mwezi mpevu. Likiwa limepinda, unaona kipande. Tukaangalia kwa zamu. Hapakuwa na mwezi wala kipande.

“Mchungaji, humu kuna kitu,” alisema, “lakini kioo hakituambii ni nini wala kiko wapi.”

Ndipo kamera ikaingia. Tulikuwa watu saba tumezunguka boksi lile kama watoto: mimi, matroni, wazee wanne na mlinzi. Mmoja wa wazee alikuwa mwenyekiti wa kamati ya majengo, mtu mwenye heshima, aliyesimamia ujenzi wa hosteli tangu msingi hadi bati. Yeye pia ndiye aliyependekeza faini.

Mpendwa msomaji, ndani ya bomba si kama nilivyodhani. Ni kama kutembea kwenye pango refu, ukutani kumelowa na kunang'aa, na pembeni ya skrini namba za mita zinapanda. Mita ya tatu, ya tano, safi. Mita ya nane kamera ilizama ndani ya maji na skrini ikawa ya kahawia, kisha ikaibuka. Fundi akasema hapo bomba limebonyea, udongo wa chini haukushindiliwa, kwa hiyo maji yanatuama. Mita ya kumi na moja kulikuwa na bonge la zege lililoganda sakafuni mwa bomba, na chini yake kona ya karatasi nene. Alisogeza kamera karibu. Ilikuwa mfuko wa saruji.

Hakuna aliyesema neno. Mfuko wa saruji hautupwi chooni na msichana wa kidato cha pili.

Mita ya kumi na nne skrini ilijaa ndevu. Sina neno jingine. Nywele nyembamba za rangi ya maziwa zilining'inia toka juu mpaka chini, maji yakipita katikati yake, na zimekamata kila kilichopita: nyuzi, karatasi, vipande vya kitambaa, na ndiyo, taulo moja la kike. “Mnaona!” alisema mzee mmoja. Fundi hakugeuka. Alisema, “Mzee wangu, mizizi hii ingekamata hata karatasi ya chooni. Kitu kimesafiri mita kumi na nne vizuri, kimekwama hapa. Tuulize hapa pana nini.”

Palikuwa na mkuyu. Unasimama kati ya hosteli na mpaka wa kiwanja, mkubwa, umewatangulia wamisionari na usharika. Mara moja kesi ikahama toka kwa wasichana kwenda kwa mti, na mlinzi akatumwa kuulizia bei ya msumeno wa mnyororo. Mimi nilimwaza Zakayo, maana mkuyu kwetu sisi wahubiri hauwezi kupita hivihivi. Lakini fundi aliutetea hata mti. Mzizi, alisema, hauna meno ya kutoboa bomba zima. Unafuata unyevu. Kama kiungo kingefungwa sawasawa, mzizi ungepita pembeni na safari zake. Akapenyeza kamera polepole katikati ya zile ndevu, na nyuma yake tukaona: bomba moja limekaa chini, jingine juu, kati yao uwazi unaoweza kupitisha vidole viwili, na ndani ya uwazi ule udongo mtupu. Maji yaliyofika pale mengi hayakuendelea kwenda kwenye karo. Yalikuwa yanaingia ardhini.

Nilipokuwa chuo cha theolojia, mwalimu wetu wa Agano la Kale alipenda kutuuliza Nehemia alifanya nini kwanza alipofika Yerusalemu. Wote tulijibu: alijenga ukuta. Hapana, alisema, someni tena. Alikaa siku tatu, akaondoka usiku na watu wachache, akatokea upande wa lango la jaa, mahali taka za mji zinapotolewa, akazunguka akikagua mabomoko, na mahali pengine mnyama wake hakupata hata njia. Hakuwa amemwambia mtu yeyote neno. Kukagua kulitangulia kuhutubu. Nimehudhuria vikao vingi vya kanisa ambavyo utaratibu wake ni kinyume cha huo.

Jambo jingine lilinikaa siku ile, nalo ni zile taa. Ndani ya bomba hamna mwanga hata kidogo, kwa hiyo kamera hulazimika kwenda na mwanga wake. Tangu utoto wangu katika shule ya Jumapili nilifundishwa kwamba Mungu anakuona, na nilifundishwa kama mtoto anavyotishiwa askari. Zaburi ya 139 niliisoma hivyo kwa miaka mingi: nikienda juu yupo, nikienda chini yupo, nimekwisha. Lakini mwimbaji yule anaanza akiwa hana pa kukimbilia na anamaliza akiomba mwenyewe achunguzwe. Kuna kitu kimetokea katikati. Na Hajiri, mjakazi aliyekimbilia jangwani akiwa na mimba, ndiye anayempa Mungu jina la yeye aonaye, na kwake halikuwa tishio. Hakuna mwingine aliyekuwa amemwangalia. Fundi wetu hakulifokea bomba. Aliinama, akaingiza mwanga, akataja mita.

Najua mfano una mpaka. Kamera huhesabu kila kasoro, lakini Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 11, linatuzuia kuligeuza ungamo kuwa orodha ya kuhesabu dhambi zote moja moja. Ondoleo ndilo tuliloambiwa tulishike. Nafurahi kwa hilo. Mtu si bomba la inchi nne.

Tulikuwa bado hatujamaliza. Nyuma ya kile kichwa cha kamera kuna kifaa kidogo kinachotoa mawimbi, na fundi alikuwa na chombo kingine cha kushika mkononi kinacholia kinapokuwa juu yake. Alitembea uwanjani huku mwenzake akiishikilia kebo pale pale kwenye mita ya kumi na nne. Chombo kililia kwa nguvu hatua chache toka kwenye mkuyu, upande wa mteremko. Akapigilia mambo. Wote tukainua macho kuangalia chini ya mambo ile palikuwa na nini. Palikuwa na senyenge, na nyuma ya senyenge bustani ya mchicha ya bibi jirani yetu, mchicha wa kijani kuliko wote mtaani, na katikati ya bustani kisima chake.

Bibi huyu, Mluguru wa pale pale, alikuwa amekuja ofisini mara mbili kabla yangu kulalamika kwamba maji yake yananuka. Ilidhaniwa anatafuta neno kwa sababu ya ugomvi wa zamani wa mpaka, maana ardhi ile ilikuwa ya ukoo wa mama yake kabla haijatolewa kwa kanisa.

Jioni ile baraza lilikaa. Mwenyekiti wa kamati ya majengo alisema kwa sauti ndogo kwamba kasoro imeonekana, itengenezwe, na video ifutwe. Hakuna haja ya kuwapa watu silaha ya kulipiga kanisa. Mhazini aliuliza, bibi akidai fidia italipwa na mfuko gani? Si maswali ya kipumbavu. Usharika ule ulikuwa na deni la bati.

Niliomba nafasi nikawaeleza habari ya mtu ninayempenda sana, Henry Whitehead. Alikuwa kasisi msaidizi wa Kanisa la Anglikana katika parokia ya Mtakatifu Luka, Soho, London, wakati kipindupindu kilipoua watu zaidi ya 600 katika mtaa wake mwaka 1854. Daktari John Snow alisema ugonjwa unatoka kwenye maji ya pampu ya Broad Street. Whitehead hakumwamini, akaamua kumpinga kwa ushahidi. Alikuwa na kitu ambacho daktari hakuwa nacho: alizijua nyumba zile moja moja, aliwazika watu wake, waliobaki walimfungulia mlango. Alizunguka akiuliza nani alikunywa nini na lini, na kadiri alivyouliza ndivyo alivyoona Snow yuko sahihi. Mwishowe ndiye aliyemgundua mtoto mchanga wa nyumba namba 40, aliyeugua kabla ya wengine, ambaye maji ya kufulia nepi zake yalimwagwa kwenye shimo la majitaka mbele ya nyumba. Walipofukua walikuta matofali yamelegea, na kutoka shimo lile hadi kisima cha pampu hapakufika hata mita moja. Kati ya mita ile moja na makaburi 600, niliwaambia, hapakuwa na adui yeyote, palikuwa na matofali yaliyolegea.

Hapakuwa na mtu wa kukumbushwa kipindupindu. Mlipuko ulioanza Agosti 2015 uliufikia pia mkoa wetu, na wapo pale mezani waliokumbuka.

Baraza lilibishana hadi saa nne usiku. Liliamua, kwa kura, sitasema ngapi kwa ngapi, kwamba twende kwa bibi na video ile ile.

Tulikwenda asubuhi, mimi na wazee wawili, na mmoja wao alikuwa mwenyekiti wa kamati ya majengo, aliyejitolea mwenyewe. “Shikamoo bibi.” “Marahaba, karibuni, mmekuja na mkutano.” Tulikaa kwenye mkeka. Fundi akaweka skrini mbele yake, akamwonyesha mizizi, na uwazi, na udongo. Bibi alitazama kidogo tu, akasukuma boksi pembeni. “Mimi nilijua,” alisema. “Pua haihitaji runinga.” Halafu akanyamaza, tukangoja fidia. Akauliza, “Na wale mabinti mliowachotesha mavi, mmewaambia?”

Alikuwa ameyaona yote kupitia senyenge.

Niliporudi niliwakusanya wasichana kabla ya chakula cha mchana. Mwenyekiti aliomba yeye ndiye aseme. Alisimama muda mrefu. Hakutoa hotuba, alieleza mita ya nane, mita ya kumi na moja na mita ya kumi na nne, akataja ule mfuko wa saruji, akasema ujenzi ule aliusimamia yeye. Faini zilirudishwa siku ile ile, mhazini akiwa na daftari, na yule msichana aliyeondoka alipelekewa ya kwake nyumbani pamoja na barua ya usharika. Hakurudi hosteli. Wiki iliyofuata mwenyekiti alileta ndoo sita zenye mifuniko, akazipanga vyooni mwenyewe na kuondoka bila kuja ofisini.

Bomba lilichimbuliwa toka mita ya saba hadi ya kumi na sita, likalazwa upya juu ya mchanga ulioshindiliwa, viungo vikafungwa kwa mpira. Mkuyu haukukatwa, bomba lilikwepeshwa. Kamera ilipitishwa tena kabla ya kufukia, na safari hii kioo cha kunyolea kilionyesha mwezi mzima toka chemba hadi chemba ya pembe mpya, kisha mwingine toka pale hadi kwenye karo. Wasichana waliupanga mstari kuja kuuona.

Afisa afya wa kata aliagiza kisima kisitumike. Usharika umemvutia bibi bomba la maji ya mamlaka mpaka mlangoni na unalipa ankara yake. Analalamika kwamba maji hayo yana ladha ya dawa. Mwezi uliopita nilipompelekea ushirika mtakatifu aliniuliza kama kisima chake kimepona, nikamwambia yatapimwa tena masika yakiisha. Akasema mchicha wake siku hizi umekonda.